Tathmini ya Adobe Creative Cloud kwa mbunifu anayeishi kwa kazi za oda

Vijana wanaoanza kazi ya ubunifu wa michoro huniuliza mara kwa mara kama inafaa kulipia Adobe Creative Cloud, nami huwarudishia swali: faili zako za mwisho zinakwenda kwa nani? Anayetengeneza matangazo ya Instagram kwa ajili ya duka la nguo, anayepanga kurasa za kitabu kitakachopelekwa kwenye mashine ya ofseti, na anayehariri video za harusi wote huitwa wabunifu, lakini mahitaji yao yanatofautiana kiasi kwamba kifurushi kimoja hakiwezi kuwa na thamani ileile kwa wote watatu. Ninaandika tathmini hii nikiwa mtu wa vitabu, majarida na picha, ninayeziheshimu sana programu hizi kama zana za kazi na nisiyeridhika na masharti yanayoambatana nazo.

Creative Cloud ni kifurushi cha programu zaidi ya 20 za kampuni ya Adobe ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke baada ya kuondoka katika kituo cha utafiti cha Xerox. Kazi yao kubwa ya kwanza, PostScript, ndiyo iliyoiwezesha kompyuta kuieleza mashine ya kuchapa namna hasa ya kuchora ukurasa, herufi kwa herufi na mstari kwa mstari, na mfumo wa PDF uliotoka mwaka 1993 umebeba urithi huohuo hadi leo. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaeleza imani waliyonayo wachapaji kwa Adobe. Kampuni hii ilishiriki kuujenga uchapaji wa kompyuta tangu misingi yake, na ukipeleka PDF iliyotoka InDesign, programu yake ya kupanga kurasa, kwa mchapaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ni nadra kuulizwa maswali mengi.

Hadi toleo la CS6 la mwaka 2012, programu hizi ziliuzwa kwa leseni ya kudumu chini ya jina la Creative Suite, au CS kwa kifupi. Mtu alilipa mara moja, akaweka programu kwenye kompyuta yake, akaendelea kuitumia hata miaka kumi kama alitaka. Bei ilikuwa kali: nchini Marekani Photoshop CS6 peke yake iliuzwa dola 699, na Master Collection, iliyokuwa na karibu kila kitu, dola 2,599. Mei 2013, katika mkutano wake wa MAX uliofanyika Los Angeles, Adobe ilitangaza kwamba hakutakuwa tena na Creative Suite nyingine na kwamba matoleo yote mapya yatapatikana kwa malipo ya usajili tu. Kifurushi kizima kiliwekewa bei ya dola 49.99 kwa mwezi kwa mtu anayejifunga mwaka mzima, kwa hiyo miaka mitano ya malipo hayo ingefika takriban dola 3,000. Bei haikubaki hapo. Mwaka 2025 kifurushi hicho kilipewa jina la Creative Cloud Pro huko Amerika Kaskazini na kupandishwa hadi dola 69.99 kwa mwezi.

Ni haki kusema kwamba usajili ulimfungulia mlango mtu ambaye kamwe asingeweza kutoa dola 2,599 kwa mkupuo. Mbunifu wa kawaida katika miji yetu hakuwa mnunuzi wa Master Collection. Alikuwa mtumiaji wa nakala iliyovunjwa leseni, iliyopitishwa kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mara nyingi pamoja na virusi. Malipo ya kila mwezi yamewapa wengi njia ya kufanya kazi kwa uhalali na kupata marekebisho ya usalama bila kusubiri toleo jipya. Hata hivyo, uhusiano kati ya fundi na zana yake umebadilika. Mwenye leseni ya kudumu alikuwa na nyumba yake; mwenye usajili ni mpangaji, na mpangaji akikosa kodi hufungiwa mlango vyombo vyake vikiwa ndani. Faili zako hubaki kwenye kompyuta yako, ni kweli, lakini programu inayozifungua hukoma kufanya kazi, na faili ya InDesign bila InDesign haina msaada wowote kwa mteja anayetaka kubadilisha namba ya simu kwenye kipeperushi cha mwaka jana.

Nianze na InDesign yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayonifanya niendelee kulipa. Ilitoka mwaka 1999, na kwa maoni yangu bado haijapata mpinzani wa kweli katika kazi ya kupanga kitabu kirefu. Mtu anayepanga kurasa za kitabu chenye sura nyingi huanza kwa kutengeneza mitindo ya aya: mmoja wa maandishi ya kawaida, mmoja wa vichwa vya sura, mmoja wa nukuu, mmoja wa tanbihi. Mwandishi akisema baadaye kwamba vichwa vya sura viwe vidogo kidogo, unabadilisha mtindo mmoja na kitabu kizima kinabadilika, pamoja na yaliyomo mwanzoni mwa kitabu ukishayaagiza yajisasishe. Hayo programu nyingine nazo huyaweza kwa kiasi chake. Kinachoitenga InDesign ni namna inavyovunja mistari. Badala ya kujaza mstari mmoja na kuuacha, huitazama aya nzima kwa pamoja na kutafuta mahali pa kuvunja ambapo nafasi kati ya maneno zitalingana kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na ndiyo sababu ukiongeza neno moja mwishoni mwa aya unaweza kuona mistari ya juu nayo ikisogea.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, maana vitenzi vyetu hurefuka. Neno kama "yatakayowawezesha" likiangukia ukingoni mwa safu nyembamba ya gazeti, ama litavutwa lishuke mstari wa chini na kuacha mapengo makubwa kati ya maneno yaliyobaki, ama litakatwa. Hapo ndipo anayepanga kurasa anapaswa kuwa macho: ukiiacha aya ikiwa imewekwa kuwa ya Kiingereza, programu itakata maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza, na mkato unaweza kuangukia katikati ya silabi, kitu kinachomkera msomaji hata kama hajui kwa nini amekereka. Dawa yake ni kuingia kwenye mtindo wa aya, kuzima ukataji wa maneno, kisha kuweka kistari cha hiari kwa mkono pale tu safu inapokuwa na mapengo, ukifuata silabi: ya-ta-ka-yo-wa-we-ze-sha. Kistari hicho hakionekani kama neno halijafika ukingoni, kwa hiyo hata maandishi yakisogea baadaye hakitajitokeza katikati ya mstari. Ni kazi ya subira, na ukurasa unaotoka humo husomeka kwa raha.

Mfano mwingine wa karibu ni alama ya ng'. Miswada huja ikiwa imeandikwa kwenye simu, kwenye Word na kwenye barua pepe, na ndani ya muswada mmoja utakuta ng'ombe mwenye alama iliyonyooka, ng'ambo yenye alama iliyopinda, na kung'aa yenye kijistari cha mshazari kilichotoka kwenye kibodi ya simu. Kipengele cha InDesign cha kutafuta kwa ruwaza, kinachoitwa GREP, hukuruhusu kuagiza kwa mara moja kwamba popote penye n na g zikifuatwa na alama yoyote kati ya hizo, alama iwe moja. Kazi ambayo ingemchosha mhakiki kwa siku nzima hukamilika kabla chai haijapoa, na aliyewahi kusahihisha kamusi au kitabu cha hadithi za watoto anajua thamani yake.

Kisha kuna ukaguzi kabla ya uchapaji. Chini ya dirisha la InDesign kuna kitaa kidogo cha kijani ambacho hugeuka chekundu pakiwa na tatizo: fonti iliyokosekana, picha ambayo faili yake imehamishwa, maandishi yaliyofurika nje ya fremu na yasiyoonekana. Unaweza kukiongezea masharti yako, kwa mfano kwamba picha yoyote yenye ubora wa chini ya kiwango cha mchapaji itajwe, au picha yenye rangi za skrini izuiwe kuingia kwenye kazi ya wino nne. Kuna pia dirisha la kutazama kila wino peke yake, na hilo ndilo ninalowasihi wanafunzi wote walitumie. Maandishi madogo meusi yanatakiwa kuwa katika wino mweusi tu. Yakiwa yamechanganywa na wino nyingine tatu, pleti, yaani sahani za kuchapia kila wino, zikiachana hata kwa unywele mmoja herufi zitakuwa na kivuli cha rangi, na hasara itaonekana baada ya karatasi zote kupita mashinani. Ukizima wino mweusi kwenye dirisha hilo na maandishi yakabaki yanaonekana, ujue kuna kosa, na ujue mapema.

Jambo la fonti linahitaji aya yake, kwa sababu hapo uzuri wa usajili na hatari yake vinakutana. Adobe iliinunua huduma ya Typekit mwaka 2011 na sasa inaitwa Adobe Fonts. Mwenye usajili hupata maelfu ya fonti halali za kutumia kwenye kazi za biashara bila malipo ya ziada. Kwa mbunifu aliyezoea kuokota fonti mtandaoni bila kujua leseni zake, hii ni neema kubwa. Lakini fonti hizo haziji kama faili unazomiliki. InDesign ina amri ya kufunga kazi nzima kwenye folda moja, pamoja na picha na fonti, ili uipeleke kwa mchapaji au uihifadhi, na amri hiyo huziacha nje fonti za Adobe Fonts. Mtu asiyelijua hili huweka kwenye hifadhi yake folda anayoiamini kuwa kamili, kumbe haina fonti zake. PDF ya mwisho haina shida, kwa sababu fonti huingizwa ndani yake. Faili ya kazi ndiyo itakayolalamika siku usajili umekwisha. Vivyo hivyo kwa tovuti: fonti zinazoletwa kwenye ukurasa na huduma hii hutegemea usajili ulio hai, na masharti yenyewe yanamtaka mteja awe na usajili wake, asitegemee wa mbunifu. Kwa nembo ya kampuni au kitabu kinachotarajiwa kuchapwa tena baada ya miaka, ninashauri fonti iliyonunuliwa moja kwa moja au ya leseni huria, kama zile za Google Fonts.

Photoshop haihitaji utambulisho mrefu. Ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ndio walioianzisha, na Adobe ilitoa toleo la kwanza mwaka 1990. Tabaka, yaani sehemu za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine bila kuchanganyika, ambazo leo hatuwezi kufikiria kazi bila hizo, zilikuja na toleo la 3 mwaka 1994. Ninachokithamini zaidi sasa kiko kwenye Camera Raw, sehemu inayofungua picha ghafi za kamera. Picha ya harusi iliyopigwa saa saba mchana, bwana harusi akiwa na suti nyeusi na ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe linalomeremeta, ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote: ukimpandishia mwanga bwana harusi, gauni linapoteza nakshi zake, ukiliokoa gauni, uso wake unazama. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 Camera Raw inaweza kumtambua kila mtu kwenye picha na kuchagua ngozi ya uso wake au nywele zake peke yake, hivyo unaufungua uso bila kuligusa gauni na bila kuchora mipaka kwa mkono. Kwa studio zinazopokea mamia ya picha kila Jumamosi, hilo pekee linaweza kulipa gharama ya mwezi. Isitoshe, kuna kifurushi cha wapiga picha chenye Photoshop na Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha nyingi, ambacho bei yake ni nafuu kuliko kifurushi kizima, ingawa kile cha dola 9.99 chenye hifadhi ya GB 20 kilifungwa kwa wateja wapya mwanzoni mwa mwaka 2025.

Illustrator, ya mwaka 1987, ni imara kwa nembo na michoro ya mistari, na sina la kuongeza isipokuwa tahadhari moja: wakata stika na watengeneza mabango wengi mitaani kwetu hufanya kazi kwa CorelDRAW. Kabla ya kulipia Illustrator kwa ajili ya kazi za mabango, nenda ukamuulize fundi wako anapokea faili za aina gani. Akisema PDF inamtosha, programu yoyote nzuri ya michoro itakufaa.

Upande wa video, Premiere Pro ya kuhariri na After Effects ya michoro inayotembea zina faida ya kuunganishwa: kichwa cha habari kinachotembea ulichokitengeneza After Effects kinaingia Premiere bila kutolewa kwanza kama video, na ukikirekebisha kule kinabadilika huku. Kwa kampuni ya matangazo au kituo cha televisheni chenye watu kadhaa wanaopokezana kazi, mtiririko huu ni wa thamani. Kwa mhariri anayefanya kazi peke yake hali ni tofauti. After Effects inataka kompyuta yenye RAM ya GB 16 kwa uchache, na ili ifanye kazi bila kusuasua inahitaji maradufu ya hapo, kwa hiyo gharama halisi ya usajili ni pamoja na gharama ya mashine. Halafu yupo mpinzani ambaye Adobe haiwezi kumpuuza: DaVinci Resolve ya Blackmagic Design, ambayo toleo lake la bure huhariri, husahihisha rangi na kuchanganya sauti, na toleo lake kamili limekuwa likiuzwa dola 295 kwa malipo ya mara moja. Kwa kusahihisha rangi Resolve imetangulia, na hilo si jambo la ubishi kati ya watu wa kazi hiyo. Kama huna mteja anayekudai faili za Premiere, anza na Resolve.

Kuhusu tovuti nitasema machache, kwa kuwa Adobe yenyewe imetenda machache. Dreamweaver, programu ya kujenga tovuti, ilikuja mikononi mwake ilipoinunua Macromedia mwaka 2005, na imo bado kwenye kifurushi, ila wajenzi wa tovuti wamehamia kwenye vihariri vya bure kama Visual Studio Code na mifumo kama WordPress. Muse, iliyowawezesha wabunifu kujenga tovuti bila kuandika msimbo, iliachwa kabisa mwaka 2020 na waliojenga tovuti za wateja kwayo wakalazimika kuanza upya. XD, ya kubuni sura za programu za simu, haiongezewi tena vipengele vipya. Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua Figma, mpinzani wa XD, kwa dola bilioni 20, mpango ukavunjika Desemba 2023 kutokana na vikwazo vya wasimamizi wa ushindani barani Ulaya na Uingereza, na Adobe ikailipa Figma dola bilioni 1 kwa kuuvunja. Anayetaka kubuni tovuti asinunue Creative Cloud kwa sababu hiyo.

Akili unde imekuwa sehemu kubwa ya matangazo ya kifurushi hiki tangu Firefly, akili unde ya Adobe ya kutengeneza picha, ilipotangazwa Machi 2023 na kipengele cha kujaza picha kuingia kwenye toleo la majaribio la Photoshop miezi miwili baadaye. Kuna kazi ambazo kinazifanya vizuri mno, kama kurefusha ukuta au anga ili picha ya wima iwe ya mlalo kwa ajili ya bango, au kuondoa waya wa umeme uliokatiza juu ya paa. Vipengele hivi hutumia mgao wa krediti wa kila mwezi, na mgao hutegemea kifurushi ulicholipia. Adobe inasema Firefly ilifundishwa kwa picha za Adobe Stock, hazina yake ya picha za kuuza, na kazi zilizokwisha muda wa hakimiliki, na Juni 2024, baada ya masharti mapya ya matumizi kuzua hofu kubwa miongoni mwa wabunifu, iliandika wazi kwamba haitumii kazi za wateja kuifundisha. Ilikuwa lazima iandike hivyo. Mimi binafsi ninakataa kutumia picha unde mahali panapotakiwa ukweli wa kitu: vazi la asili, nakshi za mlango wa Lamu, kanga na jina lake. Kanga bila maneno yanayosomeka si kanga, na mpiga picha wa kuipiga ile halisi yupo mtaani na anahitaji kazi.

Sasa nije kwenye mkataba, ambako ninaomba msomaji asome polepole. Kuna njia tatu za kulipa: mwaka mzima kwa malipo ya kila mwezi, mwaka mzima kwa mkupuo, na mwezi kwa mwezi. Njia ya kwanza ndiyo watu wengi huichagua kwa kuwa tarakimu yake ni ndogo, na wengi huamini kwamba wanaweza kuacha wakati wowote. Sivyo. Umejifunga miezi 12, na ukivunja mkataba baada ya siku 14 za mwanzo unadaiwa nusu ya malipo yote yaliyobaki. Tuseme kwa mfano unalipa dola 60 kwa mwezi na kazi zikakauka ukataka kuacha baada ya mwezi wa nne: imebaki miezi 8, yaani dola 480, na utatozwa dola 240 ili uruhusiwe kuondoka. Juni 2024 serikali ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya Adobe katika mahakama ya shirikisho huko California, ikidai kwamba kampuni iliificha tozo hiyo kwa wateja na kuwawekea vizingiti walipotaka kujitoa. Adobe ilikanusha, ikisema masharti yake yako wazi. Vyovyote iwavyo, mwenye kuchagua njia hiyo aichague akijua.

Kwa mtu wa kazi za oda, kipato hakiji kwa mafungu sawa. Msimu wa harusi una wingi wake, kampeni zina mwaka wake, kalenda na shajara hujaza studio mwezi Novemba na Desemba, kisha Februari watu wanakaa wakitazamana. Mkataba wa miezi 12 haujui misimu hiyo, na bei yake huandikwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka unalipa zaidi hata kama Adobe haijapandisha chochote. Njia ya mwezi kwa mwezi ina bei ya juu kwa mwezi mmoja mmoja, lakini hukuruhusu kulipia Novemba na Desemba ukasimama Januari bila faini. Anayetumia InDesign kwa kalenda tu atatoka na gharama ndogo zaidi kwa njia hiyo, tena akilipia InDesign peke yake badala ya kifurushi kizima. Malipo yanahitaji kadi, na kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia huduma za fedha za simu zimewarahisishia wengi wasiokuwa na kadi za benki. Kumbuka tu kwamba kadi ikikosa salio siku ya makato, usajili unaweza kusimamishwa kazi ikiwa mezani.

Wanafunzi na walimu hupewa punguzo kubwa, na wenye haki ya kulipata walitumie, wakiangalia bei itakayofuata baada ya mwaka wa kwanza. Kuhusu intaneti, programu zikishawekwa hufanya kazi bila mtandao, ila huhitaji kuunganishwa mara kwa mara ili leseni ihakikiwe. Kinachokula bando ni masasisho, maana kila moja linaweza kuwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa. Zima masasisho ya moja kwa moja, na usisasishe katikati ya kazi kubwa. Faili ya InDesign iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya haifunguki moja kwa moja kwenye la zamani; huhitaji kugeuzwa kwanza, kwa mfano kwa kuihifadhi kama IDML, aina ya faili ya InDesign inayosomwa na matoleo ya zamani. Leseni ya mtu mmoja huruhusu kuingia kwenye kompyuta mbili, si kwa matumizi ya wakati mmoja, na hilo linatosha kwa mwenye kompyuta ya mezani studio na mpakato nyumbani.

Uamuzi wangu ni huu. Mpangaji wa vitabu na majarida alipie InDesign bila kusita. Studio ya picha ilipie kifurushi cha wapiga picha na isivutwe kwenye kingine. Kampuni yenye watu wengi wanaopokezana faili za picha, michoro na video ina sababu ya kulipia kifurushi kizima, kwa sababu muda unaookolewa na programu zinazoelewana ni fedha. Mbunifu wa mabango, kadi za michango na matangazo ya mitandaoni sioni kwa nini alipe. Affinity, iliyokuwa ikiuzwa kwa malipo ya mara moja na ambayo Canva iliinunua mwaka 2024, ilitolewa bure mwishoni mwa Oktoba 2025 kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva, na ndani yake mna kazi za picha, michoro na upangaji wa kurasa kwa wino nne. Inkscape, ya michoro, ni huria na imekomaa. GIMP, ya picha, ilifikia toleo la 3.0 Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi. Na mteja akikutumia faili ya Photoshop wakati huna Photoshop, Photopea huifungua ndani ya kivinjari.

Kwa yeyote anayekusudia kuacha kulipa, iwe kwa msimu au moja kwa moja, kazi ya maandalizi ifanyike mapema. Kila kitabu cha InDesign kihifadhiwe katika IDML, ambayo Affinity huisoma, pamoja na PDF ya uchapaji yenye ukingo wa kukatwa wa milimita 3 na folda ya picha zake zote; michoro ya Illustrator itolewe kama SVG na PDF; picha za Photoshop zenye tabaka zihifadhiwe pia kama TIFF; orodha ya fonti za Adobe zilizotumika kwenye kila kazi iandikwe ili ujue zipi utahitaji kununua; na chochote kilichoko kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Adobe kishushwe kwenye diski yako, kwa sababu nafasi hiyo hupunguzwa usajili ukikoma. Yote haya yakamilike usajili ukiwa bado hai, maana InDesign iliyokwisha muda haikupi nafasi ya kuhifadhi hata faili moja katika IDML.